Kapeti Mbili za Mbele

Katika friza ya jikoni, chini ya mifuko ya kamba na samaki, palikuwa na donge la theluji lenye alama za vidole vya mtu aliyekwisha kufa.

Nyumba nzima ile ya Muaither, mjini Doha, ilijua kuwa donge limo humo, lakini aliyelijua hasa ni Sabra, yaya wa watoto, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kila mara kutoa samaki. Ilimbidi alisogeze kwa ncha za vidole, macho yake akiyapeleka pembeni. Lilifungwa kwenye mfuko wa nailoni, gumu na la kijivu kama jiwe la mtoni. Upande mmoja lilikuwa na mitaro minne, na upande wa pili mtaro mmoja mpana, pale Faraji alipolibana kwa kiganja ili lishikane. Halikuwahi kuyeyuka hata tone. Hata hivyo lilikuwa likipungua. Friza ilikuwa inalilamba kidogokidogo gizani, na ile mitaro ya vidole ilizidi kufifia mwezi hadi mwezi.

"Lisiguswe," alisema Yumma, mama yake mwenye nyumba, ambaye wote, hata wafanyakazi, walimwita hivyo. "Yule kijana aliniletea mimi."

Ni kweli. Yumma hakuwahi kuona theluji maishani, na magoti hayakumruhusu kusafiri. Basi Faraji, dereva wa nyumba, alimwambia, "Yumma, nitakuletea mkononi." Donge lilifika Doha ndani ya boksi la barafu. Faraji hakufika. Alizikwa hukohuko Tabuk, chini ya milima ya Saudia, na boksi likafunguliwa siku ya tatu ya msiba, wakati watu wakitafuta soda.

Faraji alikuwa mtu wa Tanga mjini, mrefu, mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko redio. Sabra alitoka Lushoto, aliacha shule darasa la tano, na aliogopa hata kuita mtu aliye chumba cha pili. Akitaka chumvi iliyo mbele ya mwenzake, alingoja mwenzake ainuke. Faraji alimcheka kwa hilo.

"Sabra mdogo wangu, sauti yako umeisahau Lushoto? Sema tukuagizie, nina binamu anaendesha basi."

Sabra alikuwa akifunika mdomo kwa mtandio na kucheka bila sauti.

Sasa kiti cha dereva kilikaliwa na Kendi, Mkenya wa Meru, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Mke wa mwenye nyumba, aliyeitwa Mama, alisema anataka dereva wa kike kwa ajili ya binti yake, na labda alisema hivyo ili asilazimike kumtazama mwanamume mwingine kwenye kile kiti. Gari lilikuwa lilelile: jeupe, refu, la fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Lilitengenezwa likarudi. Bampa lake la mbele lilikuwa jipya, na weupe wake ulizidi kidogo weupe wa gari lote, kama jino la bandia.

"Sabra," Kendi alisema asubuhi moja, wakiwa wamewashusha watoto shuleni na wanarudi. "Hii gari iko na kitu. Usinicheke."

Sabra hakucheka.

"Mguu wangu wa kulia unashikwa na baridi. Huu mmoja tu. Nazima AC, bado. Nje ni jua la kukaanga yai, na mimi hapa vidole vimekufa ganzi. Alafu, hizi kapeti za mbele ziko wapi? Nyuma ziko mbili, mbele hakuna. Nani anauza gari bila kapeti?"

"Halikuuzwa," alijibu Sabra kwa sauti ndogo.

"Najua halikuuzwa. Nauliza kapeti."

Sabra aligeukia dirisha. Walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu, na lile jambo likaanza tena. Gari la pembeni lilianza kutembea, na yeye akahisi lao ndilo linalotembea, linaserereka kimya, bila injini, bila mtu. Alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Na mbele yake, kutoka kwenye kiti ambacho kichwa cha Kendi hakikufika hata juu, alisikia mnong'ono wa kiume anaoujua vizuri sana.

*Breki hapana. Breki hapana, Faraji.*

"We! Umeona nini?" Kendi alimwangalia kwenye kioo. "Umekuwa mweupe kama hili gari."

"Taa imewaka kijani," alisema Sabra.

Habari ya safari ilikuja Januari, kwa simu. Theluji imeanguka tena upande wa Tabuk. Video zilizunguka familia hadi familia: watu wamevaa makoti juu ya kanzu, wanakunywa chai kandokando ya magari, wanajenga sanamu za theluji juu ya boneti. Watu wa Ghuba hawaoni shida kuendesha usiku na mchana kwenda kushika kitu hicho. Dana na Hamad, watoto wa nyumba, walirukaruka sebuleni. Baba, kama wafanyakazi walivyomwita mwenye nyumba, aliitazama video mara mbili. Mwisho akasema wataenda. Watoto wasikue wakiogopa mlima, alisema. Magari mawili, kama mwaka jana. La mbele ataendesha yeye. La nyuma, lenye watoto na Sabra, ataendesha Kendi.

"Mafi mushkila, hakuna shida," Baba alimwambia Kendi. "Ni fowili. Theluji ni mchanga mweupe tu."

Sabra alikuwa amebeba sinia la chai. Vikombe vililia juu ya sinia, na Mama akamwambia aliweke chini.

Mchanga mweupe. Hilo ndilo neno aliloondoka nalo Faraji mwaka jana, na halikuwa neno la mjinga. Faraji aliijua michanga ya kusini ya Doha kama anavyoijua mifuko yake. Kila Ijumaa ya baridi aliipeleka familia kwenye vilima vile. Alipunguza upepo wa magurudumu hadi yalalie ubavu, akakanyaga mafuta bila woga, akapanda kilima kama anayepanda ngazi, na kuteremka upande wa pili moja kwa moja. Mchangani ukiogopa umekwama. Na ukikwama unashuka, unachota mchanga kwa mikono, unaweka kapeti mbele ya magurudumu lipate cha kuuma, unarudi ndani, unaondoka. Sabra alimwona akifanya hivyo mara nyingi, akiimba huku amepiga magoti mbele ya bampa. Gari likisimama mchangani, limesimama. Halikufuati.

Basi kule mlimani alifanya vilevile. Chini ya mlima alipunguza upepo, akapanda kwa kasi, na lile gari likapanda kama kisu kwenye siagi. Walicheza hadi alasiri. Alibana donge lake la Yumma, akalitia kwenye boksi. Baba akatangulia kushuka na wageni aliokuwa nao garini. Jua lilianza kuegemea, na ile theluji iliyokandwa na magari ya siku nzima ikageuka kuwa kioo.

Kwenye kona ya kwanza Faraji alikanyaga breki, na gari halikumsikia. Magurudumu yalisimama lakini gari liliendelea. Kwenye kiti cha nyuma Sabra alimbana Hamad mapajani. Faraji aliachia breki, stelingi ikashika tena, kona ikapita. Hapo ndipo alipoanza kunong'ona. Mcheshi yule wa Tanga aliacha mizaha yote, akawa anajifundisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayeswali.

"Breki hapana. Breki hapana, Faraji. Gia ndogo, namba moja, acha injini ndiyo ilishike gari. Pita pale ambapo hajapita mtu. Palipong'aa ni kioo. Stelingi taratibu, kama unamgeuza mtoto aliyelala. Kuvuta linavuta kwa yote manne. Kusimama ni kusimama kama gari lingine lolote. Taratibu, baba. Taratibu."

Na alikuwa amekwisha kuelewa, hilo ndilo lililomuuma Sabra. Kona ya pili aliipita kama amezaliwa huko. Lakini mbele ya kona ya tatu pikapu moja lilikuwa limelala kuziba njia, na watu wanalisukuma. Faraji alisimamisha gari kwenye mteremko, akavuta handibreki. Likasimama.

"Sabra, shuka na watoto. Simameni huku kwenye jabali, huku juu."

Walishuka. Yeye akachomoa kapeti mbili za mbele, akaenda nazo chini, mbele ya bampa, akapiga magoti. Kichwa chake kilikuwa kimejifunza theluji. Mwili wake bado ulikuwa mchangani.

Sabra ndiye aliyeliona gari likitembea. Faraji alikuwa ameligeuzia mgongo, ananyoosha kapeti ya pili. Magurudumu hayakuzunguka. Injini haikulia. Lilitembea kama meza inayosukumwa na mtu usiyemwona, upana wa kiganja, kisha hatua. Palikuwa na nafasi ya kuita. Jina lenyewe ni fupi. Sabra alifumbua mdomo, baridi ikaingia, na hakikutoka kitu.

Baadaye watu walisema ni ajali, ni kadari ya Mungu. Walimuuliza kama watoto wako salama. Walikuwa salama. Hakuna aliyemuuliza lingine, naye hakuwahi kumwambia mtu lingine lolote.

Siku chache kabla ya safari, Mama aliwatuma Kendi na Sabra Sanaiya, kule kwenye gereji na kambi za vibarua, wakachukue minyororo ya magurudumu, kisha wapitie shuleni kuchukua watoto. Minyororo ilikuwa wazo la Kendi. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba watu wa nchi za baridi huivalisha magurudumu ili yashike barafu, akamwomba Baba, Baba akakubali bila kubishana, tena akatazama pembeni.

Njiani mvua ilianza. Mvua ya Doha ni mgeni asiyepiga hodi: inakuja mara moja moja, na barabara zilizopakwa vumbi na mafuta mwaka mzima zinakuwa sabuni. Kendi alishika stelingi kwa heshima.

"Sabra, nikuulize kitu na unijibu kama mtu mzima. Wewe ulikuwa ndani. Huyo Faraji alikosea wapi?"

Wipa zilikwenda, zikarudi.

"Mimi nakwenda kubeba watoto wa watu huko juu, na wewe mwenyewe ndani," Kendi aliendelea. "Kwetu Meru theluji tunaiona iko juu ya mlima, imetulia, haina maneno na mtu. Matope ndiyo naelewa. Sasa kila mtu nikimuuliza ananiambia kadari. Kadari haina gia! Niambie."

Sabra alivuta mtandio hadi kidevuni. "Nitakwambia," alisema.

"Lini? Tukifika mbinguni?"

Sabra akatazama chini, kwenye kapeti ya nyuma.

Gereji ilikuwa na paa la mabati lililotokeza mbele, na sakafu yake ya zege ilishuka kidogo kuelekea barabara ya malori. Fundi Harun, Mmombasa mwenye kofia ya kufuma, aliwapokea akipangusa mikono.

"Karibuni mabibi. Leo Doha imekuwa Mombasa. Nani dereva?"

"Mimi," alisema Kendi.

"Wallahi? Miguu yafika pedeli?"

"Inafika hata kwa makalio ya fundi."

Harun alicheka hadi akakaa juu ya gurudumu. Sabra alisimama chini ya paa, mtandio umebana, akawaangalia. Gari liliegeshwa mvuani, mbele tu ya paa, pua yake ikitazama barabara. Harun aliweka kigingi cha mti mbele ya gurudumu la nyuma, kisha akamwonyesha Kendi namna ya kutandaza mnyororo, kuuzungusha kwenye gurudumu la mbele, kusogeza gari kidogo ili ukae sawa, na kufunga ndoano. Alimwonyesha pia kile kijiti kifupi kando ya gia, kinachoingiza fowili nzito.

"Kisukume gari likiwa limesimama kabisa. Na kisukume hadi mwisho, dada, usikionee huruma."

Kisha akaufungua mnyororo, akautupa chini. "Sasa fanya mwenyewe. Nami nakuja, kuna Mhindi ananiita ndani."

Kendi aliingia garini. Akakisukuma kile kijiti. Kilikwenda, kikagoma katikati, akadhani ndiyo mwisho wake. Akazima injini na kuliacha gari ndani ya gia namba moja, kama walivyozoea kwao milimani: gari lililo kwenye gia ni kama ng'ombe aliyefungwa. Handibreki hakuigusa. Akatoka, akaondoa kigingi ili apate nafasi ya kusogeza gari baadaye. Hakujua kwamba kijiti kile kikikaa katikati, gia na magurudumu vinakuwa havijuani tena. Gari lote linakuwa toroli.

Alizunguka mbele, upande wa chini, akachuchumaa mbele ya gurudumu na mnyororo mkononi. Kisha akaugeuzia mgongo ule ubapa mweupe wa bampa jipya, ili aunyooshe mnyororo vizuri juu ya zege.

Sabra alikuwa akitazama ardhi, maana huko ndiko macho yake yalikozoea kukaa. Mvua ilikuwa imelowesha zege lote jeusi, isipokuwa pale gari lilipolizuia. Nyuma ya gari, karibu na tairi, aliona kipande cha zege kikavu, cheupe. Hakikuwapo punde. Kilikuwa chembamba kama utepe. Kisha kikawa kama kiganja. Matone yakaanza kukidonoa.

Mvua ilipiga bati juu, kishindo kikubwa, na ndani yake gari lilitembea bila sauti.

Baridi ikamwingia mdomoni, ileile. Aliihisi ikishuka kooni kama mwaka jana, ikitafuta pa kukaa. Mbele yake aliona mgongo wa mtu aliyepiga magoti, na haukuwa mgongo mfupi wenye mabega mapana. Ulikuwa mrefu, na shati lake lilikuwa na theluji mabegani.

"FARAJIII!"

Sauti ile ilitoka mahali ambapo Sabra hakujua kuwa anapo. Ilipasua kishindo cha mabati. Gereji ya jirani watu waliinua vichwa. Harun alitoka mbio. Na Kendi, ambaye haitwi Faraji, aligeuka, akaona weupe umejaa mbele ya uso wake, akajitupa ubavuni kwenye maji ya mafuta. Gurudumu likapita juu ya mnyororo, kring, mara moja tu. Gari likaendelea hadi kwenye rundo la matairi mabovu ukingoni mwa barabara, likayaegemea taratibu kama mtu aliyechoka, likasimama.

Lori lilipita mbele yake likipiga honi.

"Ya Rabbi," alisema Harun. Alirukia ndani ya gari, akavuta handibreki, akatazama kijiti. Akatoka, akaokota kigingi, akakisukuma kwa teke chini ya tairi, akaongeza cha pili. "Kijiti kilikuwa katikati. Na mimi nikaenda kuzungumza na Mhindi."

Kendi alikaa chini ndani ya maji, miguu imenyooshwa kama mtoto. Sketi yake ilikuwa nyeusi yote. "Nani Faraji?" Harun aliuliza, akiwatazama wote wawili.

Kendi alinyoosha mkono, na Sabra akaja kumwinua.

"Si jina langu," Kendi alisema polepole. "Lakini nilijua ni mimi naitwa."

Kutoka Sanaiya hadi shuleni Sabra alisema. Alisema bila kupumzika, kwanza kwa sauti ya kukwaruza, kisha kwa sauti ambayo Kendi alikuwa hajaisikia, nzito kidogo, yenye lafudhi ya Tanga mjini ambayo si yake. Breki hapana. Gia ndogo, namba moja, injini ndiyo ishike. Pita pale ambapo hajapita mtu. Stelingi kama unamgeuza mtoto aliyelala. Kuvuta linavuta kwa manne, kusimama ni kusimama tu. Na likisimama, usiamini kwamba limesimama. Usikae chini yake. Kitu cha kuweka, kiweke ukiwa ubavuni, na watu wote wawe juu. Usikae chini yake, Kendi, hata kama umeacha dhahabu huko.

"Na kapeti?" Kendi aliuliza, walipofika kwenye lango la shule.

"Zilibaki njiani. Moja aliitandika. Ya pili alikuwa nayo mkononi."

Kendi alizima gari. Alivuta handibreki, akaijaribu, akaivuta tena. Kisha akavua kiatu cha kulia na kuushika mguu wake kwa mikono miwili, akiupasha joto. Hakusema tena kwamba gari lina kitu.

Jioni ile Kendi alikwenda kusimama mbele ya Baba kwa Kiarabu chake cha kuokota. Alimwambia habari ya gereji yote, hata kosa lake. Kisha akamwambia atakwenda, ila kwa masharti: yeye ndiye atakayeshuka mlima wa kwanza, jua likiwa bado juu, barafu haijakaza. Hakuna gari litakalokuwa chini yake, na hakuna mtu. Sabra alikuwa mlangoni, na kwa kuwa sauti ilikuwa imekwisha kutoka, aliitoa tena.

"Na watoto washuke kwa miguu pale penye kona ya tatu," alisema. "Mimi nitawashika."

Baba alimgeukia kama ambaye amesikia kabati likisema. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa mwaka mzima naye hakuwahi kulipanda lile gari, tena alikuwa na sababu. "Ulikuwepo," alisema, si kwa kuuliza. "Sikukuuliza chochote."

Sabra aliinamisha macho.

"Zen," alisema Baba. Sawa. "Kama mlivyosema."

Waliondoka asubuhi ya Alhamisi, Muaither ikinukia mikate. Watoto walikuwa nyuma na mablanketi. Sabra alifungua mlango wa nyuma kama kawaida yake, akasita, akaufunga, akaenda kukaa mbele kando ya dereva, pale ambapo hajawahi kukaa. Kendi alimtupia jicho.

"Bosi mpya."

"Nataka kuona barabara."

Kabla injini haijawaka Yumma alitoka, akitembea kwa fimbo yake, na mfuko wa nailoni umening'inia mkononi. Hakuruhusu mtu kumsaidia. Alipofika dirishani alilitoa donge, akalishika bila mfuko kwa mara ya mwisho, vidole vyake vya kizee vikitafuta ile mitaro. Ilikuwa imebaki miwili tu inayoonekana, na wa tatu ni wa kukisia.

"Humu ndani linakwisha," alisema. "Nimelilinda, linakwisha. Mpelekee yule kijana. Huko alikolala kuna baridi."

Sabra alilipokea kwa mikono yote miwili. Lilimuunguza kwa baridi, naye akaliacha limuunguze. Aliweka kidole kimoja ndani ya mtaro uliobaki. Kidole chake kikacheza humo, kidogo mno. Kisha akalilaza kwenye boksi, kati ya vipande vya barafu, akafunga, akaweka boksi miguuni pake juu ya sakafu isiyo na kapeti.

"Litafika?" Dana aliuliza kutoka nyuma.

"Sijui," alisema Sabra. "Tutaongeza barafu kila tutakaposimama."

Gari la Baba lilitangulia. Kendi aliwasha, akatazama kijiti kifupi, akakigusa, akatazama tena. Wakatoka langoni. Barabara ilikuwa kavu, pana, jua limeanza kukalia lami, na hadi mpakani hapakuwa na mteremko wa kumtelezesha hata mtoto. Hata hivyo walipofika kwenye mzunguko wa kwanza, Sabra alihisi baridi ikipanda kutoka sakafuni, ikaushika mguu wake wa kulia, ikatulia hapo kama paka.

Hakuushika mlango. Alitazama mbele.

"Taratibu," alisema kwa sauti ya kusikika.

"Naenda taratibu," alijibu Kendi.

"Si wewe," alisema Sabra.

Kendi aliigeuza stelingi kama anamgeuza mtoto aliyelala.